Meseji ilisema theluji, yakaja maji: uchambuzi wa kisa cha usiku mmoja mlimani

Kwa nini nakiandika hiki kisa

Kisa kilitokea upande wa magharibi wa Sierra Nevada, California, Marekani, katikati ya majira ya baridi. Jina la bonde, kaunti, mwaka na watu wote nimeondoa, na vimo nimevisogeza kidogo ili pasitambulike. Mengine yametoka kwenye meseji za usiku ule, kumbukumbu za redio za zimamoto na maelezo ya waliokuwepo. Nimeamua kukieleza kirefu kwa sababu taarifa za hali ya hewa zilikuwepo, zilitoka mapema, na kwa sehemu kubwa zilikuwa sahihi, na bado watu kama 60 nusura wakutwe wamelala huku wamejiandaa vizuri kabisa kwa janga ambalo halikuwa la kwao. Hilo linaniuma kuliko lingekuwa suala la utabiri kukosea. Ukiwa unaishi au unafanya kazi kwenye milima ya baridi, au wewe ni dereva wa lori unayevuka Donner Pass, ile njia ya juu ya milima hii ya Sierra, kila wiki, hii inakuhusu moja kwa moja.

Mahali penyewe

Bonde lina sehemu tatu. Chini kuna mji mdogo kando ya mto mkubwa, futi kama 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juu kabisa, futi 7,000 na zaidi, kuna hoteli za ski, yaani za mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Katikati, futi kama 4,700 (mita 1,430 hivi), kuna kitongoji, na hapo ndo kisa kilipo. Nyumba za mbao zimetawanyika mteremkoni, na pembeni ya kijito kuna uwanja wa karavani ambamo watu wanaishi mwaka mzima, wengi wazee wanaotegemea pensheni na familia za wafanyakazi wa hoteli za juu. Kijito kinapita chini ya barabara kwenye kalavati moja la bomba la chuma. Barabara nayo ni moja tu, inapanda kwenda ski na inashuka kwenda mjini, na kule chini inakatiza mteremko ulioungua kwa moto wa msitu miaka miwili kabla.

Wiki moja kabla ya tukio zilipita dhoruba mbili za baridi kali, zikaacha theluji ya magotini mpaka pale kitongojini. Halafu watabiri wakaanza kuongelea mto wa angani, yaani ule ukanda mrefu mwembamba wa hewa yenye unyevu mwingi unaotokea Pasifiki, ambao ukigonga mlima unalazimika kupanda, unapoa, unamwaga maji yote uliyobeba. Hii mito ya angani ndo inaipa California sehemu kubwa ya maji yake na ndo hiyohiyo inaileta kwenye mafuriko yake makubwa. Huu ulikuwa wa joto. Utabiri ulisema mchana na usiku itanyesha mvua mpaka futi 6,500, juu ya hapo theluji, kisha alfajiri hewa baridi ifuatie na mpaka wa theluji, yaani kile kimo ambacho juu yake inaanguka theluji na chini yake mvua, ushuke hadi futi 4,000.

Hebu usome huo utabiri ukiwa umesimama futi 4,700. Maana yake usiku unapigwa mvua juu ya theluji ya magotini, na kukikucha theluji inaanguka juu ya kilichobaki. Majanga mawili tofauti, mahali palepale, ndani ya saa 12.

Maonyo yalivyotoka na yalivyofika kwa watu

Huduma ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani, NWS, ina ngazi zake. Angalizo maana yake hali inaweza kutokea, jiandae. Onyo maana yake inatokea au iko karibu sana, chukua hatua. Siku ile bonde lilipata vyote viwili kwa pamoja: angalizo la mafuriko kwa maeneo ya chini ya futi 6,500, likitaja waziwazi mvua juu ya theluji, na onyo la dhoruba ya theluji kwa maeneo ya juu ya futi 6,500. Matangazo haya yanaandikwa kwa mistari, nini, wapi, lini, madhara yake nini, na kile kimo kilikaa kwenye mstari wa wapi.

Sasa ofisi ya dharura ya eneo ilitakiwa kuyafupisha yote hayo kuwa meseji ya simu. Aliyeandika alichukua lile lenye neno zito, onyo, akaliacha angalizo, na ili meseji isiwe ndefu akaukata mstari wa wapi. Saa 9 alasiri ikatoka meseji moja kwa bonde zima, juu, kati na chini: onyo la dhoruba kubwa ya theluji kuanzia usiku, kaeni nyumbani, msisafiri, umeme unaweza kukatika.

Maji hayakutajwa. Kimo hakikutajwa.

Usiku wenyewe

Watu wa kitongoji wanaijua theluji, na walifanya kila kitu mtu anayeijua theluji anachofanya, na hapo ndo penye uchungu. Kule ukiacha gari kando ya barabara greda linalosukuma theluji linalifukia, kwa hiyo mazoea yao ni kushusha magari kwenye uwanja tambarare ulio kando ya kijito, chini kidogo ya kalavati. Jioni ile waliyashusha yote. Wakaingiza kuni, wakachaji simu, wakalala mapema. Idara ya barabara nayo ikapeleka magreda yote na ekskaveta moja kule juu kwenye ski, maana kama ni theluji basi itaangukia huko.

Saa 2 usiku kapteni wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea alitoka nje ya kituo akasikia maji yanatiririka kutoka kwenye bati. Kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 5 za Selsiasi. Alikuwa amesoma meseji ileile kama wengine, alitegemea theluji au angalau mvua inayokaribia kuganda. Akawasha redio ya hali ya hewa, ile NOAA Weather Radio, akasikiliza tangazo zima hadi mwisho bila kuondoka, na hapo ndo akasikia kwa mara ya kwanza habari ya mafuriko. Akampigia mtu anayemfahamu kwenye hoteli ya juu, futi 7,500. Jibu: huku mvua pia.

Hiyo simu ya dakika moja ndo ilibadilisha usiku mzima. Kama futi 7,500 kuna mvua, basi mpaka wa theluji umepanda juu ya utabiri kwa futi 1,000 hivi, na kila kitu kilichopo kati ya hapo na kitongoji, miteremko yote inayolisha kile kijito, kinapokea maji badala ya theluji.

Akatuma vijana wawili na tochi wakaangalie kalavati. Kijito kilikuwa kimetulia, maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, ila mdomo wa bomba ulikuwa umezibwa kwa zaidi ya nusu na theluji ya wiki iliyopita iliyosukumwa na greda, imegandamana na matawi na changarawe imekuwa ngumu kama zege. Wakachimba kwa makoleo karibu saa nzima wakapata njia ya maji upande mmoja tu. Kapteni akaomba ekskaveta, akaambiwa iko juu na haiwezi kushuka usiku. Akaomba ofisi itume meseji mpya. Wakamwambia wanaangalia grafu ya mto mkubwa pale mjini, iko mbali sana na kiwango cha mafuriko, wasubiri kidogo.

Saa 4 usiku akaamua kuwatoa watu wa karavani bila kusubiri.

Karibu nusu wakakataa. Mama mmoja alimwonyesha simu yake, meseji hii hapa, serikali imesema tukae nyumbani. Kuna familia zinazoongea Kihispania ambazo meseji ya Kiingereza haikuwaambia chochote, na zimamoto wale hawakuwa na Kihispania cha kutosha, mpaka binti mmoja wa shule akajitolea kutembea nao mlango kwa mlango akitafsiri. Kapteni baada ya kukataliwa milango kadhaa akabadilisha namna ya kuongea. Akaacha kusema mafuriko, kwa sababu ukitazama kijito hukuona mafuriko. Akawa anamwomba mtu atoke nje anyooshe mkono, ahisi mvua ya uvuguvugu, halafu anamwambia mvua hii hii inanyesha mpaka kwenye ski, na maji yote ya kule yanapita hapa kwako. Wengi wakavaa viatu.

Uamuzi uliofuata ulikuwa mgumu zaidi: wapande au washuke. Kushuka ni kwenda mjini, kuna hospitali, kuna umeme wa uhakika, lakini njiani kuna ule mteremko ulioungua. Ardhi iliyoungua hainyonyi maji vizuri, mizizi iliyokuwa inashika udongo imekufa, mvua kubwa inaweza kuushusha wote ukiwa tope na mawe. Montecito, hukohuko California, tarehe 9 Januari 2018, mvua ya muda mfupi kwenye milima iliyokuwa imetoka kuungua ilishusha tope lililoua watu 23. Kupanda ni kwenda kwenye ukumbi wa kijamii, futi 5,200, kilomita kama 3, mbali na kijito, ila kufika alfajiri theluji itawafungia humo na hakuna anayejua kwa siku ngapi. Akachagua kupanda. Hoja yake aliyoieleza baadaye ni kwamba theluji ingewanyima raha na tope lingewaua.

Saa 5 na dakika 40 usiku simu zikalia zote kwa pamoja, onyo la mafuriko ya ghafla kwa lile eneo lililoungua na moto. Ilipofika saa 6 na robo kijito kikapanda ndani ya dakika chache, kikasukuma magogo na mabonge ya theluji kwenye lile tundu dogo lililochimbwa, kalavati likaziba kabisa, maji yakapita juu ya barabara yakaikata, yakaingia kwenye uwanja wa magari na kwenye karavani. Saa 8 usiku tope likafunika barabara ya chini. Saa 11 alfajiri mvua ikageuka theluji, nzito, yenye maji, ya kuvunja matawi.

Matokeo

Hakuna aliyekufa. Mume na mke waliokuwa wamegoma kuhama walivutwa kwa kamba wakiwa wamelowa, joto la mwili limeshuka vibaya, wakapona. Karavani kadhaa zilisukumwa na maji na magari karibu yote ya uwanjani yakaharibika, na mtu anayeishi mlimani bila gari ni mtu asiye na kazi wala kliniki, kwa hiyo msidharau hasara hiyo.

Ukumbini umeme ulikatika usiku uleule. Jenereta ilikuwepo, ila mafuta yake ni ya saa 6 tu, na ndani kuna mzee anayetumia mashine ya oksijeni. Waliishi kwa kunyonya petroli kwenye matanki ya magari machache yaliyopanda, na kwa kuzima kila kitu isipokuwa mashine ya mzee na taa moja, mpaka greda lilipofungua njia kutoka juu siku ya pili.

Uchambuzi: kwa nini kijito kilitulia halafu kikalipuka

Hapa nitakaa kidogo maana ndo pana elimu kubwa, na ndo pale karibu kila mtu alipotulia wakati ambao hakutakiwa kutulia.

Watu wanadhani mvua ndo inayoyeyusha theluji. Mvua yenyewe inayeyusha kidogo sana. Milimita 100 za mvua ya nyuzi 5 zina joto la kuyeyusha theluji yenye maji ya kama milimita 6 tu. Kinachokula theluji ni upepo wa uvuguvugu wenye unyevu. Mvuke unapogusa theluji unageuka maji, na kugeuka huko kunatoa joto jingi, gramu 1 ya mvuke ikigeuka kuwa maji juu ya theluji inatoa joto la kuyeyusha gramu 7 na zaidi. Ndo maana usiku wa joto, upepo na unyevu ni hatari kuliko kipima mvua kinavyoonyesha. Kapteni alihisi upepo ule mkononi mwake.

Lakini theluji haiachii maji mara moja. Kwanza inayanyonya, hasa ikiwa bado ya baridi, inajaa kama godoro lililolowa, kwa saa kadhaa chini hakitoki kitu. Ikishajaa, mvua yote inayofuata inapita moja kwa moja pamoja na maji yaliyoyeyuka. Kwa hiyo zile saa kati ya saa 2 na saa 6 ambazo kijito kilionekana kimelala hazikuwa dalili ya usalama hata kidogo, zilikuwa saa za kujaa. Mtu anayekwenda kuchungulia kijito akakikuta kimetulia akarudi kulala amepima kitu kisicho sahihi.

La pili ni eneo. Dhoruba ya baridi ikija, sehemu ya juu ya bonde inahifadhi maji kama theluji, na ni sehemu ya chini tu inayomwaga mtoni. Mpaka wa theluji ukipanda futi 1,000, eneo kubwa la juu linaacha kuhifadhi linaanza kumwaga. Na kosa la futi 1,000 si kosa kubwa kwa mtabiri, mita 300 ni kama nyuzi 2 tu za joto. Mwanzoni mwa Januari 1997 mvua ya uvuguvugu ilinyesha juu sana kwenye theluji nyingi za Sierra hii hii, mto Merced ukafurika Yosemite Valley, bonde lililo ndani ya hifadhi ya taifa ya Yosemite, na bonde lile likafungwa kwa wageni zaidi ya miezi 2.

La tatu ni ile grafu ya mto mkubwa. Haikudanganya, ilijibu swali lingine. Kijito kidogo chenye miteremko mikali kinajaa na kumaliza kabla mto mkubwa haujaanza kupanda. Ukisubiri kipimo cha mjini kikuambie habari za kijito cha juu, unasubiri habari za jana.

Uchambuzi: meseji

Ofisi ilikuwa na watu wachache na maonyo mawili mkononi. Kuchagua lile lenye ngazi ya juu kunaonekana ni busara, ila hapa kulikuwa na makosa mawili ndani ya uamuzi mmoja. Ngazi inakuambia uhakika na ukaribu wa jambo, haikuambii lipi litakuua wewe pale ulipo. Na kimo, ambacho kilionekana ni maneno ya kujaza nafasi, ndicho kilichokuwa kinamwambia mtu wa futi 4,700 kwamba onyo la theluji la usiku ule si lake na angalizo la mafuriko ni lake. Mlimani mstari wa wapi haukatwi, heri ukate salamu, heri ukate jina la ofisi.

Baya zaidi, amri ya theluji na amri ya mafuriko zinagongana. Theluji inasema kaa ndani, shusha gari, subiri. Mafuriko yanasema toka, panda, usisubiri. Ukitoa amri moja kwa bonde zima kuna kundi unalipeleka kwenye hatari kwa mkono wako. Wale waliogoma kuhama hawakuwa wakaidi, walikuwa watiifu. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu baada ya tukio baadhi walisemwa vibaya sana.

Jambo jingine ni simu kuchelewa kulia. Wengi waliamini hatari ikiwepo simu italia yenyewe. Angalizo la mafuriko halilizi simu kupitia mfumo wa Marekani wa kutuma tahadhari za dharura kwenye simu, onyo la dhoruba ya theluji nalo halilizi, na hata onyo la mafuriko ya ghafla linaliza simu pale tu linapowekewa alama ya madhara makubwa. Na lililolia usiku ule lilichorwa kwa lile eneo la moto, si kwa kijito. Aliyesubiri mlio alikuwa na nusu saa.

Kilichofanya kazi

Kipimajoto cha ukutani, redio iliyosikilizwa hadi mwisho na simu moja kwa mtu wa juu vilimpa kapteni kitu ambacho ofisi haikuwa nacho: alijua mpaka wa theluji uko wapi muda ule. Kisha akaacha kubishana kuhusu onyo akampa kila mtu ushahidi wa kuhisi mwenyewe. Na kuchagua kupanda kulikuwa sahihi kwa taarifa alizokuwa nazo saa 4, hata kama barabara ya chini ingebaki nzima.

Kilichokosekana kwenye mpango wake ni nusu ya pili ya dhoruba. Alijua theluji inakuja alfajiri, ila hakuna aliyebeba mafuta, blanketi za akiba wala orodha ya wanaotegemea mashine. Ukihamisha watu kuwakimbiza janga la kwanza wakati la pili liko saa chache nyuma yake, mafuta ya jenereta ni sehemu ya kuhamisha.

Yaliyobadilika baadaye

Ofisi sasa inatuma meseji tofauti kwa vimo vitatu, Kiingereza na Kihispania, na kimo kinakaa mwanzoni kabla ya jina la onyo. Madereva wa magreda wameelekezwa wasisukumie theluji kwenye mdomo wa kalavati, na zimamoto wanaupitia kabla ya kila dhoruba ya joto. Magari yamepewa sehemu nyingine ya kuegesha, juu ya barabara. Kalavati jipya ni kubwa zaidi. Kipimo cha maji kwenye kijito chenyewe bado hakijawekwa, wanaendelea kutegemea mtu na tochi.